Alama za QR mikutanoni: soma kwanza, fungua baadaye

Siku hizi ukienda kwenye mkutano wa afya hapa London, karatasi za kugawa zimepungua. Ukutani utaona alama ya QR, ile picha ya vimiraba vyeusi na vyeupe. Unaielekezea kamera ya simu, na maelezo ya mtoa mada yanafunguka.

Alama hizi zilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso Wave, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Wengi wetu tulizizoea mwaka 2020, wakati wa korona, tulipozipiga milangoni mwa migahawa kwa programu ya NHS. Programu ile ilifungwa mwaka 2023.

Sasa tahadhari. Alama hiyo mara nyingi ni anwani ya tovuti tu, na macho hayawezi kuisoma. Matapeli wanalijua hilo: hapa Uingereza wamewahi kubandika stika bandia kwenye mashine za kulipia maegesho. Kwa hiyo:

- Soma anwani inayotokea kabla ya kuifungua. Jina la tovuti ya NHS huishia na nhs.uk.
- Stika ikiwa imebandikwa juu ya nyingine, iache.
- Ukiombwa namba za kadi ya benki ili usome habari za presha au sukari, toka mara moja.
- Huna simu ya kisasa? Omba karatasi, usione haya.

Na kumbuka, alama haipimi presha. Kama umefikisha miaka 40, maduka mengi ya dawa hapa England hupima bure. Pita leo.