Zawadi za Desemba na Afya ya Akili ya Msichana wa Tarime na Serengeti

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, Desemba ni mwezi wa manunuzi kama ilivyo kwingineko nchini Tanzania: shule zimefungwa, waliohamia mijini wanarejea makwao, na maduka ya Sirari, Tarime mjini na Mugumu hujaa wanunuzi wa khanga, viatu, sukari na soda. Wataalamu wa afya ya akili wanapouzungumzia msimu wa sikukuu, aghalabu hutaja madeni, matarajio ya ndugu na upweke wa walio mbali na kwao. Hayo ni kweli, lakini hayatoshi hapa, kwa kuwa katika miaka ya shufwa, kama vile 2020 na 2022, Novemba na Desemba huwa pia msimu wa saro, yaani tohara ya Wakurya, ambapo wavulana hutahiriwa na wasichana wengi hukeketwa.

Saro haieleweki bila bidhaa zake. Msichana anayetoka kwa ngariba hutembezwa njiani akiwa amevikwa khanga mpya, kichwani amekingwa kwa mwamvuli, huku akiimbiwa na kutunzwa fedha na ndugu na majirani, na nyumbani mnyama huchinjwa. Mpita njia huona sherehe tu, ilhali kisaikolojia zawadi hizo zina kazi ya pili, nayo ni kumfunga binti kabla hajaulizwa, kwani khanga zikishanunuliwa na wageni wakishaalikwa, kukataa kwake hakuhesabiwi tena kuwa uamuzi wa mtu juu ya mwili wake, bali hasara na aibu ya ukoo. Anayekataa huitwa msagane, neno la asiyekeketwa ambalo hutamkwa kama tusi, na huenda likamchosha mtoto kisimani na darasani kuliko amri yoyote ya wazee wa mila. Nyuma ya yote wanasimama ng'ombe wa mahari, ambao wazazi wengi huamini kuwa hupungua binti asipokeketwa.

Mzigo wa shinikizo hilo moyoni mwa msichana una sura kadhaa. Ya kwanza ni hofu ya kutazamia, yaani hali ya akili kuishi ndani ya tukio ambalo bado halijafika: usingizi hukatika, chakula hakishuki, na mwanafunzi aliyekuwa makini huanza kuzubaa mitihani ya mwisho wa mwaka inapokaribia, dalili ambazo walimu wangeweza kuziona mapema kuliko mtu mwingine yeyote. Ya pili ni hatia, kwa sababu anayetoroka huondoka akijua kwamba fedha za nyumbani zimetumika kwa ajili yake, na kwamba mama yake ndiye atakayelaumiwa. Ya tatu, iliyo nzito zaidi, humpata aliyekwisha kukeketwa, nayo ni msongo wa baada ya kiwewe, ambapo kumbukumbu za tukio hurudi bila kuitwa, kwa njozi au kwa mshtuko, hata miaka kadhaa baadaye. Alice Behrendt na Steffen Moritz, waliochapisha mwaka 2005 utafiti wao wa Dakar, Senegal, waliwalinganisha wanawake 23 waliokeketwa na 24 wasiokeketwa, wakakuta takriban asilimia 30 ya kundi la kwanza wana hali hiyo. Idadi ya walioshiriki ni ndogo, na Dakar si Tarime. Hata hivyo, matokeo hayo yanatilia shaka dai kwamba jambo likishakuwa mila halimwumizi mtu moyoni.

Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana iliharamisha ukeketaji wa aliye chini ya miaka 18 na kuweka kifungo cha miaka 5 hadi 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, kiasi ambacho mwenye zizi anaweza kukipata kwa kuuza ng'ombe mmoja. Kitaifa kiwango cha wanawake waliokeketwa kilishuka kutoka asilimia 10 katika utafiti wa afya wa 2015–16 hadi asilimia 8 mwaka 2022, lakini katika utafiti ule wa awali Mara ilikuwa na asilimia 32.

Kinachofanya kazi zaidi kuliko adhabu, kwa maoni ya makala hii, ni kuitenganisha sherehe na kisu badala ya kuiua sherehe. Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, huwapokea wasichana wakati wa msimu, huwafundisha, kisha huwafanyia mahafali, ili nao wavuke utoto kwa nyimbo na kushangiliwa. Shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Rhobi Samwelly, lina nyumba salama Mugumu na Butiama, na watoto nchini kote wanaweza kupiga simu 116 kuomba msaada. Kwa walioumia tayari, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza tiba ya mazungumzo inayorekebisha fikra na tabia, ambayo humsaidia mgonjwa kuitambua fikra inayomtesa, kuipima na kuijibu.

Kazi ngumu zaidi huanza Januari, mwamvuli ukishakunjwa. Maofisa wa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto la polisi huwaita wazazi wazungumze na mabinti waliotoroka. Wengi hurudi nyumbani baada ya wazazi kuahidi kutowagusa, na wasiopokewa hubaki nyumba salama, ambako muhula wa shule huanza huku mtoto akisikiliza kila hodi mlangoni, asijue kama ni babake aliyekuja kumchukua au ni mama aliyemletea sare.