Kuzijaribu Skripti za Zamani kwa Toleo la Tatu la Python

Lugha zisemwazo na watu hubadilika bila idhini ya mtu. Lugha za kuamrisha kompyuta hubadilishwa kwa shauri la watengenezaji wake, na siku ya mabadiliko hujulikana. Lugha ya Python, iliyotolewa mara ya kwanza na Guido van Rossum mwaka 1991, ilipata toleo lake la tatu tarehe 3 Desemba, 2008, nalo liliachana na la pili kwa makusudi. Utunzaji wa toleo la pili ulikoma tarehe 1 Januari, 2020. Mtafiti aliyerithi skripti za wakati ule, ziwe za kuhesabu maneno au za kupanga fahirisi ya kamusi, yampasa kuzijaribu kabla ya kuyategemea majibu yake.

Yako makosa yasiyo na hatari kubwa. Katika toleo la pili amri ya kuchapa, yaani print, haikuhitaji mabano. Katika la tatu yahitaji. Skripti isiyo na mabano hayo hukataa hata kuanza, na kompyuta huutaja mstari wenye kosa. Adui ajitangazaye hivi si wa kuogopwa.

Wa kuogopwa ni yule anyamazaye. Chukua skripti itafutayo wastani wa maneno katika sentensi, ipewe maneno 7 na sentensi 2. Toleo la pili, likigawanya namba kamili kwa namba kamili, hutupa sehemu iliyobaki na kujibu 3. La tatu hujibu 3.5. Hakuna onyo litolewalo, na jedwali zima la utafiti laweza kugeuka pasipo mtu kujua.

Jambo la maandishi ni zito zaidi, hasa kwa wanafunzi wa Kiswahili. Toleo la pili liliyachukua maandishi ya kawaida kuwa mfululizo wa baiti. La tatu huyachukua kuwa mfululizo wa herufi. Neno ng’ombe, likiandikwa kwa alama iliyopinda na kuhifadhiwa kwa utaratibu wa UTF-8, lina herufi na alama 7, lakini baiti 9, kwani alama ile peke yake ni baiti 3. Basi skripti ipimayo urefu wa maneno ilijibu 9 zamani, na sasa hujibu 7. Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu hupotoka zaidi, maana kila herufi huchukua baiti 2. Yafaa pia skripti itaje waziwazi kwamba faili ni ya UTF-8, isiachiwe kompyuta kukisia.

Njia ya kujaribu ni nyepesi, ingawa yataka subira. Data ile ile hupitishwa katika matoleo yote mawili, kisha majibu hulinganishwa mstari kwa mstari. Data yenyewe ichaguliwe kwa hila: mtu, mti na nyumba hayatafichua lolote, yatiwe ng’ombe na ng’ambo, maneno ya hati za Kiarabu, hesabu zisizogawanyika sawasawa, na faili tupu. Tena tofauti ikionekana, isidhaniwe kuwa skripti mpya ndiyo iliyokosa. Katika ng’ombe iliyokosa ni ya zamani, na takwimu zilizokwisha kuchapishwa kwayo zahitaji kuhesabiwa upya.