Sasisho la usiku, usaili wa asubuhi

Usaili wa binti yangu na chuo kimoja cha Dar es Salaam ulipangwa saa tatu asubuhi kwa saa za huko, yaani saa nne kwetu Muscat. Usiku wake laptopu iliomba kusasisha mfumo. Nikakubali, nikaenda kulala. Alfajiri tulipoiwasha, alama ya Wi-Fi haipo.

"Baba, twende kwa fundi Ruwi?" Saa kumi na mbili asubuhi, fundi gani amefungua?

Niliyojifunza siku ile nawapa wazazi wenzangu na wanafunzi.

Kwanza, jaribu Wi-Fi hiyohiyo kwa simu. Yetu ilifanya kazi, basi laini ya nyumbani ilikuwa nzima. Hakuna haja ya kuigusa rauta. Hakikisha hali ya ndege imezimwa, kisha iwashe laptopu upya.

Pili, angalia kama laptopu inaona mitandao ya majirani. Ikiiona lakini inakataa kuunga, isahaulishe Wi-Fi yako na uandike upya nywila. Isipoona hata mmoja, mshukiwa ni draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuzungumza na kadi ya Wi-Fi. Mfumo ukibadilika, draiva huenda isielewane nao tena.

Yetu ilikuwa hiyo. Kwenye Windows, bofya kitufe cha kuanzia kwa upande wa kulia wa kipanya, fungua orodha ya vifaa, chagua kadi ya Wi-Fi, kisha urudishe draiva ya zamani. Kwetu kitufe cha kurudisha kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Na draiva mpya utaipakuaje bila intaneti?

Binti ndiye aliyekumbuka waya wa kuchajia. Tuliiunga simu yake ya Android na laptopu, tukawasha kushiriki intaneti kwa USB. Njia hii haiihitaji kabisa kadi ya Wi-Fi ya laptopu. Tukapakua draiva kutoka tovuti ya watengenezaji wa laptopu, tukaiweka, alama ikarudi.

Kuweka upya mipangilio yote ya mtandao iwe hatua ya mwisho, maana hufuta nywila zote za Wi-Fi zilizohifadhiwa.

Saa nne kamili binti alikuwa mbele ya kamera. Hata Wi-Fi ingegoma, waya ungetosha. Tangu hapo nyumbani kwetu sheria ni moja: kabla ya mtihani au usaili, hatusasishi kitu.