Vita ya bahari kuu ilivyofika Katanga

Wajukuu, shuleni mnafundishwa Hiroshima kwa haraka: bomu, mwaka 1945, kisha kengele inalia. Mimi nitaanzia hapa kwetu Lubumbashi, enzi ambayo mji uliitwa Élisabethville na bomba refu la moshi lilikuwa mali ya kampuni ya migodi ya Union Minière.

Ila kwanza tupite Japani. Ni visiwa visivyo na mafuta ya petroli ya kutosha, na manowari hazitembei kwa maji ya chumvi. Tangu 1937 majeshi yake yalikuwa yakipigana China. Mwaka 1941 Marekani ikaacha kuiuzia mafuta. Wakuu wa Tokyo wakapiga hesabu: mafuta yako Indonesia kwa Waholanzi, mpira na bati viko Malaya kwa Waingereza, na meli walizoziogopa zaidi, za Marekani, zimetia nanga Pearl Harbor, visiwani Hawaii. Wakaamua kuzipiga kwanza.

Jumapili tarehe 7 Desemba 1941, asubuhi kule na usiku hapa kwetu, ndege zaidi ya 350 ziliruka kutoka meli sita zilizojificha baharini. Wamarekani zaidi ya 2,400 walikufa. Kabla nusu mwaka haijaisha, Wajapani walikuwa wamezishika Hong Kong, Malaya, Singapore, Indonesia, Ufilipino na sehemu kubwa ya Burma.

Sasa tazameni kalenda. Jumanne tarehe 9 Desemba, siku mbili tu baadaye, wafanyakazi weusi wa Union Minière walikuwa wamejaa kwenye uwanja wa mpira wa mji huu. Wamegoma. Hitler alikuwa ameiteka Ubelgiji, iliyokuwa ikitutawala, mwaka 1940, bidhaa zimepanda bei, shaba yetu inatakiwa kila siku zaidi, lakini mshahara na posho havikutosha kulisha nyumba. Wafanyakazi wazungu walikuwa wametangulia kudai nyongeza, kwa hiyo weusi nao wakauliza: na sisi je? Msemaji wao alikuwa karani, Léonard Mpoyi. Gavana wa mkoa, Amour Maron, alifika na askari. Mpoyi akauawa kwa risasi, na umati ukafyatuliwa risasi. Makumi ya watu walikufa. Mimi sioni kwa nini mtoto wa Lubumbashi aijue Pearl Harbor lakini asimjue Mpoyi.

Wajapani hawakuusababisha mgomo ule, tusiwasingizie. Ila ushindi wao uliongeza mzigo. Karibu mpira wote wa dunia ulitoka Asia ya Kusini-Mashariki, na sasa ulikuwa mikononi mwao. Bila mpira hakuna tairi, na bila tairi jeshi halisogei. Watu wa Kongo wakarudishwa msituni kugema mpira wa porini, kazi ambayo wazee wao waliikumbuka kwa machungu tangu siku za Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Bati la mgodi wetu wa Manono nalo likatafutwa sana, kwa kuwa lile la Malaya limepotea. Siku za kazi ya lazima vijijini zilikuwa 60 kwa mwaka. Mwaka 1942 zikafikishwa 120.

Marekani haikukaa kulia. Juni 1942, karibu na kisiwa cha Midway, ndege zake zilizamisha meli nne kati ya zile sita zilizoipiga Pearl Harbor. Kisha ikaanza kurudisha bahari kisiwa baada ya kisiwa: Guadalcanal, Saipan, Iwo Jima, Okinawa. Kila kisiwa kiligharimu damu nyingi.

Wakati huohuo, kimyakimya, Wamarekani walikuwa wakitengeneza silaha mpya, bomu la atomiki, na hapo ndipo Shinkolobwe, karibu na Likasi, inapoingia. Mgodi ule ulikuwa na urani tajiri ajabu: mawe mengine yalikuwa na oksidi ya urani kufikia asilimia 65, wakati kwingine asilimia moja ni bahati. Mkuu wa Union Minière, Edgar Sengier, aliogopa Wajerumani wasiipate, akapeleka zaidi ya tani 1,000 New York mwaka 1940. Mapipa yalikaa ghalani hadi Septemba 1942, afisa wa jeshi Kenneth Nichols alipokwenda kuyanunua. Mgodi ukafunguliwa tena. Wachimbaji walibeba mawe yale bila kuambiwa ni ya nini wala kwamba yana mionzi.

Tarehe 6 Agosti 1945 urani iliyotoka kwa sehemu kubwa Shinkolobwe iliuchoma mji wa Hiroshima. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Nagasaki. Japani ikasalimu amri.

Mwaka 1946 Sengier alipewa medali na serikali ya Marekani. Mashimo ya mgodi yalizibwa kwa saruji wakati Wabelgiji wanaondoka, lakini creuseurs, wachimbaji wadogo, waliyarudia wakitafuta kobalti, mpaka serikali ikapiga marufuku mwaka 2004. Najua wako wanaoendelea kuingia kwa siri. Ninyi msifuate mtu huko, hata akiwaahidi pesa. Vumbi lake bado lina mionzi.