Je, Wajua? Transfoma Yenye Koili Moja

Transfoma ya kawaida ina koili mbili zisizogusana. Umeme huvuka kwa nguvu ya sumaku tu. Ototransfoma ina koili moja, inayotumika pande zote mbili. Ukiipa volti 230 kisha ukatoa waya katikati ya mizunguko yake, unapata 115, zinazotosha redio iliyoletwa kutoka Marekani. Shaba hupungua, uzito pia, ndiyo maana imo ndani ya stabilaiza nyingi za friji na hata kwenye vituo vinavyounganisha njia za umeme za kilovolti 400 na 220.

Lakini koili ikikatika sehemu ya chini, volti 230 zote zaweza kuingia kwenye redio. Usiitegemee ikukinge na shoti: pande zake zimeungana.