Je, Wajua Pete ya Atomi Sita Huwaje ya Saba?

Miongoni mwa amali wafanyazo wanafunzi wa kemia katika maabara za vyuo, sijui iliyo na ajabu kubwa na heshima ndogo kuliko hii ya kuigeuza ketoni ya pete ya atomi sita iitwayo saikloheksanoni kuwa kaprolaktamu, kwani aghalabu mwanafunzi huzipima fuwele zake akaenda zake, asitambue kwamba kaboni imehama makao mbele ya macho yake.

Hatua ya kwanza ni nyepesi: ketoni hutikiswa majini pamoja na haidroksilamini haidrokloraidi na sodiamu asetati, na zao liitwalo oksimu hujitenga, jeupe, yenye kuyeyuka kwenye nyuzi 90 hivi. Shani yote imo katika hatua ya pili, aliyoivumbua Mjerumani Ernst Otto Beckmann mwaka 1886. Oksimu ikisha kutiwa katika asidi kali ya salfuriki na kupashwa moto taratibu, mara viputo vya kwanza huonekana, na hapo ni wajibu kuuondoa moto upesi, maana mchanganyiko hufoka kwa harara yake wenyewe, na kwa sekunde chache jambo limekwisha.

Wengi hudhani nitrojeni ya oksimu hujipenyeza ndani ya pete, la hasha. Asidi huiandaa haidroksili iliyoshikamana na nitrojeni itoke kwa sura ya maji, na papo hapo itokapo, kaboni iliyo upande wa pili, iliyoipa haidroksili mgongo, huiachia kaboni jirani yake na kuidaka nitrojeni. Ile iliyo upande mmoja na haidroksili haisogei kamwe. Kisha maji huiendea kaboni iliyoachwa, oksijeni ikabaki pale, na pete ya sita imekuwa ya saba.

Baadaye asidi huzimuliwa kwa amonia, chombo kikiwa ndani ya barafu, na hapa ndipo ninapoudhika, kwa kuwa hiyo amonia salfati ipatikanayo, ambayo wakulima wetu huinunua kwa jina la SA, hufundishwa kana kwamba haipo, ilhali viwanda vya njia za zamani vilizaa zaidi ya tani mbili zake kwa kila tani ya kaprolaktamu. Huko Japani, kampuni ya Sumitomo ilianza mwaka 2003 kutumia njia ya mvuke isiyoizaa kabisa. Ni israfu kadhalika kuziacha nyavu chakavu za nailoni 6, itengenezwayo kwa kaprolaktamu, zikinasa kasa baharini, na hali zaweza kuvunjwa kwa joto zikarudi kuwa kaprolaktamu ileile.

Tangu mkemia Paul Schlack aipate nailoni hiyo mwaka 1938, imefanywa nyavu, kamba, mazulia, soksi, nywele za miswaki, meno ya gia, na mengineyo.