Daktari Akikataa Kumfanyia Mwanao Upasuaji

Kambi ya upasuaji wa midomo sungura ikitangazwa redioni, wazazi hufunga safari kutoka mbali, wengine kwa nauli ya kukopa. Kuambiwa "mrudishe mtoto nyumbani" baada ya safari hiyo kunauma. Hata hivyo, kambi isiyomrudisha mtoto hata mmoja mimi huiogopa.

Duniani, takriban mtoto 1 kati ya 700 huzaliwa na mdomo au kaakaa lililopasuka. Mdomo hushonwa kwa muda mfupi na sura hubadilika siku hiyo hiyo, kwa hiyo kazi hii imewavutia sana madaktari wa kujitolea. Donald Laub wa Chuo Kikuu cha Stanford alianzisha shirika la Interplast mwaka 1969. Operation Smile ilizaliwa mwaka 1982, baada ya William na Kathleen Magee kwenda Naga, Ufilipino, wakakuta watoto wengi kuliko walioweza kuwahudumia.

Kushona si kazi inayotukosesha usingizi sisi madaktari. Dawa ya usingizi ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Mtoto mchanga ana akiba ndogo ya oksijeni, na mdomo anaoufanyia kazi mpasuaji ndio njia yenyewe ya hewa. Akiwa na mafua, koo laweza kujibana ghafla. Ndiyo sababu kikohozi ambacho mama anakiona kidogo humfanya daktari wa usingizi aahirishe kazi kwa wiki kadhaa.

Kwa mdomo, wapasuaji wengi hufuata kanuni ya zamani: mtoto afikishe wiki 10, uzito wa ratili 10, yaani kilo 4.5 hivi, na wingi wa damu gramu 10 kwa desilita. Kwetu kipimo hicho cha mwisho huwaangusha wengi, maana malaria haiachi damu. Uzito nao ni shida, kwa kuwa mwenye kaakaa wazi hawezi kuvuta ziwa vizuri. Huyo arudi nyumbani na mama aliyefundishwa kukamua maziwa na kumlisha kwa kikombe akiwa amekaa wima. Akinenepa, aletwe tena.

Kuna pia suala la njaa kabla ya upasuaji: uji usimamishwe saa 6 kabla, maziwa ya mama saa 4, maji saa 2. Bibi mwenye huruma akimlisha uji kwa siri, uji huo waweza kupanda na kuingia mapafuni mtoto akiwa amelala. Semeni ukweli, hakuna atakayewagombeza. (Na akiwagombeza, semeni tu.)

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama yenye vipengele 19, inayosomwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Ilijaribiwa katika miji minane, ukiwemo Ifakara, kwa wagonjwa wa miaka 16 na zaidi. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kipengele kimoja hutaka kila aliyemo ataje jina na kazi yake. Kwa timu ya wageni waliokutana jana uwanja wa ndege, hilo si adabu tu.

Kisha ndege huondoka. Damu huweza kutoka usiku wa kwanza, na tundu kwenye kaakaa huonekana siku au wiki kadhaa baadaye, wakati mpasuaji yuko kwao. Mtoto wa kaakaa pia huhitaji kufuatiliwa usemi wake kwa miaka. Kwa sababu hiyo naipendelea njia ya Smile Train, iliyoanzishwa mwaka 1999: kuwafunza na kuwagharimia madaktari wa nchi husika. Mgeni akija, afanye kazi nao bega kwa bega.

Mzazi, huduma ya bure haikuondolei haki ya kuuliza. Kabla ya kutia sahihi, uliza nani atakesha na mwanao usiku wa kwanza, na nani utampigia simu wageni wakishaondoka. Usipopewa jina na namba, subiri.